Mke wa Kwanza wa Mbaruku

Mashine ilisema Mbaruku ana mke mwingine, na mke mwenyewe ni bibi yake.

Leokadia, karani wa kituo cha hati pale Muheza, aliyasoma majibu kwenye kioo, akayasoma tena midomo ikichezacheza, kisha akakigeuza kioo kiwaelekee wale wawili waliokaa mbele yake. Bi Mwantumu hakuwa na miwani. Alimtazama mjukuu wake usoni aone kama habari ni njema. Mbaruku alikuwa amefumba macho.

"Imeandika nini?" akauliza bibi.

"Bibi yangu, kwanza tulia."

"Mie nimetulia tangu asubuhi. Huo ungo wenu ndio umeniwasha kichwa."

Ungo ulikuwa bado unaning'inia juu ya kiti. Jina lake la ofisini lilikuwa refu na hakuna aliyelishika. Lakini kwa kuwa ulikuwa mpana, wa duara, na mtu huvishwa kichwani kama anayetoka kupepeta, Muheza nzima waliuita ungo. Zamani mtu akitaka kumfuata mume au mke ng'ambo alipeleka cheti cha ndoa na picha za harusi, basi. Halafu ikaja siku ambapo mtoto wa shule aliweza kukaa barazani na simu yake akatengeneza harusi nzima, na shehe, na biriani, na mashangazi wanaolia, ya watu wawili ambao hawajapata kuonana. Muungano wa Kaskazini, wenye nchi hizo za ng'ambo, wakasema sasa imetosha. Karatasi hawataki, picha hawataki, wanataka vichwa. Aliyekuwapo harusini avae ungo, aikumbuke ile siku, na ungo uchukue alichokiona, alichokisikia, na alichokuwa nacho moyoni wakati ule. Hicho ndicho kiambatisho.

Mbaruku, aliyeomba kumfuata mkewe huko, alitakiwa kuleta viambatisho viwili. Cha mjomba wake kilikuwa kimepita bila neno. Cha pili kilikuwa cha Bi Mwantumu, maana mama yake Mbaruku alifariki mtoto hajajua hata kutembea, na baba yake alikwenda migodini asirudi. Aliyemlea ni huyu bibi, mzaa baba.

"Msomee tu," Mbaruku akasema, macho bado kayafumba.

Leokadia akakohoa. "Shahidi ni mwanamke, mtu mzima. Anamwita mwombaji 'mume wangu'. Mwombaji anaitika. Anamwita bibi harusi 'mke mwenzangu'. Shahidi anaziba mlango, anamkatalia mwombaji kutoka kwenda kwa mke mpya mpaka alipwe. Analipwa doti ya kanga. Anapisha."

Bi Mwantumu akaangua kicheko mpaka mtandio ukamteleza mabegani. "Si ndivyo ilivyokuwa! Imeona vizuri mashine yenu. Na kanga zenyewe nyepesi kama chachi, nikamwambia yule mtoto, mke mwenzangu, weye una mkono wa birika!"

"Bibi," Leokadia akasema polepole, "wao kule wameelewa kwamba wewe ndiye mke wake wa kwanza."

Kicheko kikakatika njiani.

"Si uwaambie ni utani? Mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni nani, kama si mume? Kwenu hamtaniani?"

"Kwetu tunataniana sana tu. Babu yangu aliniita mchumba mpaka anaingia kaburini. Lakini kule hilo halina mahali pa kuliandika. Alikuja hapa mzee mmoja wa Pongwe na mjukuu wake wa kike, yakawapata haya haya. Niliandika maelezo marefu, nikaomba, nikabembeleza. Wakajibu kwamba shahidi ni mke, au ni mtalaka, au ni ndugu. Na ndugu hamwiti mtu mume."

Mbaruku akafumbua macho. "Nikapime damu basi. Itaonyesha ni bibi yangu."

"Usithubutu!" Leokadia akaruka kidogo kitini. "Sasa hivi una wake wawili tu. Ukileta damu watasema umemwoa bibi yako mzaa baba, na hapo hata mie sitakuwa na la kukusaidia."

Bi Mwantumu alitaka kucheka tena, akaona uso wa yule binti, akaacha. Leokadia alikuwa anapangusa kioo kwa kiganja, pale pasipo na vumbi.

"Kuna jambo jingine. Ingekuwa utani mtupu, ungo ungesoma furaha. Pale mlangoni haukusoma furaha. Umesoma wivu. Umesoma uchungu. Umesoma mapenzi makubwa mno kwa mwombaji. Na ulilia, bibi."

Mbaruku akageuka kumtazama bibi yake. Bibi akawa anatengeneza mtandio.

Alilia kweli. Alisimama pale mlangoni kama bibi yeyote anavyosimama, mkono huku na mkono huku, wanawake nyuma yake wakipiga vigelegele, akitaka mchezo uchezwe upesi watu wakale. Ghafla mikono ikakataa kushuka. Aliishusha kwa nguvu. Watu walipomwona machozi akasema ni moshi wa jikoni, wakaamini, naye akaamini. Ungo haukuamini.

"Jalada linafungwa Ijumaa," Leokadia akasema. "Likifungwa na doa hili, Mbaruku ataandikwa mdanganyifu, na hataomba tena mpaka mwanawe afikie kuanza shule."

Mwana huyo alikuwa hajazaliwa. Alikuwa tumboni mwa Zuhura, mkewe Mbaruku, huko Kaskazini, na Zuhura alikuwa hafikii tena kufunga viatu vyake.

"Njia ziko mbili," karani akaendelea. "Ya kwanza ni kufumua. Tunalishika lile neno, mume, tunaufuata uzi wake. Kila ulipomwita hivyo, tunafumua. Na si kwenye jalada tu, bibi. Ni kichwani mwako. Siku atakayotua kule watakuvisha ungo tena hapa walinganishe, na wakiukuta ule uzi bado upo wanamrudisha na ndege ile ile."

"Nikishafumuliwa nitamwitaje?"

"Mbaruku."

"Na alipougua surua? Nilimbeba kutwa, namwambia, mume wangu usiniache mjane."

"Kama neno limo, nayo itatoka."

Bi Mwantumu akaitikia kwa kichwa, kama anayeelezwa dawa ya kunywa. "Na njia ya pili?"

Leokadia akamtazama Mbaruku kwanza. "Mke wa kwanza akiachwa, anabaki mke mmoja. Doa linafutika. Mbaruku anavaa ungo, wewe unavaa ungo, anakupa talaka."

"Ananiacha mie?"

"Ndiyo, bibi."

"Mie niliyemtoa tongotongo?"

Mbaruku ndiye aliyecheka safari hii, kicheko kibaya cha mtu aliyejigonga kiwiko. Bibi hakucheka.

* * *

Jioni ile Zuhura akapiga. Sura yake ikasimama hewani juu ya meza, kati ya bakuli la kisamvu na chupa ya chai, mkono mmoja kiunoni kwa uzito.

"Shikamoo, mke mwenzangu!"

"Marahaba. Na usiniite hivyo tena. Ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Zuhura akashusha mkono kiunoni. Alizaliwa Tanga lakini alikulia huko Kaskazini tangu mdogo, na utani wa bibi ndio kitu cha kwanza cha nyumbani alichofundishwa akakijua. Mbaruku akamweleza yote, ya ungo, ya kufumua, ya talaka. Zuhura akasikiliza, akapumua.

"Basi si rahisi? Bibi aachwe. Ni maneno tu."

"Talaka si maneno tu, mwanangu." Bi Mwantumu alikuwa anachota kisamvu hakili, anakirudisha. "Babu yake huyu alikuwa na hasira za kuvunja vyungu. Lakini neno lile hakulitoa siku moja. Likimfika kooni anachukua jembe anakwenda shamba, hata kama jua la utosi, anarudi jioni kachoka, analala. Nimefiwa na mume sijaachwa. Leo niachwe na mtoto wa mwanangu, tena mbele ya karani, tena niape kwamba nilikuwa mkewe? Huo ni uongo juu ya aibu. Bora wanifumue. Kwenye kufumuliwa hakuna uongo."

"Hapana," Mbaruku akasema.

"Hapana nini?"

"Utanisahau."

"Nitasahau jina moja. Jina lako lingine nitabaki nalo."

"Jina langu kwako ndilo hilo! Hujawahi kuniita jingine ila ukinikasirikia. Wakilifumua kitabaki nini? Siku ulizonichapa."

"Ni nyingi. Zitanitosha."

Zuhura akacheka kidogo, lakini Mbaruku alikuwa kasimama, anaizunguka meza. "Sikubali. Niende kule nikijua huku kuna mtu ananitazama kama jirani? Sikubali, bibi."

Bi Mwantumu akaweka kijiko chini. "Weye unataka kwenda, na unataka ubaki. Vyote viwili. Sasa kaa chini, unanipiga kivuli kwenye chakula."

Akakaa. Kisha Zuhura akasema, na Kiswahili chake kikawa kinakwenda kwa tahadhari, kama mtu anayevuka juu ya mawe ya mto.

"Bibi, mimi nina jambo. Mtoto akizaliwa ataniuliza baba yake alikuwaje alipokuwa mdogo. Baba yake hakumbuki, alikuwa mdogo. Mama yake Mbaruku hayupo. Baba yake hayupo. Surua ile, Mbaruku mwenyewe haijui. Yote yako kwako. Ukifumuliwa, si wewe tu unayesahau. Hakuna mtu atakayekuwa anajua."

Bi Mwantumu alikuwa hajafikiri hivyo. Alikuwa akiona ni mali yake, na mali yako unaweza kuitoa. Sasa akaona kwamba sehemu kubwa aliwekeshwa tu kama amana, mwenyewe yuko tumboni.

"Kwa hiyo nikaape uongo," akasema.

Mbaruku alikuwa anatazama meza. Zuhura alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Haya," akasema bibi. "Kuleni."

* * *

Ijumaa asubuhi wakavishwa nyungo mbili, wakakalishwa wakitazamana. Mbele ya kila kiti palikuwa na taa ndogo, nyekundu au kijani, na Leokadia akawaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi: ungo hausikii mdomo. Mdomo unaweza kusema lolote. Ungo unasubiri neno na moyo vifike pamoja, ndipo taa inageuka kijani.

"Mbaruku, sema."

Mbaruku akakaa sawasawa. "Bibi Mwantumu, nimekuacha."

Nyekundu.

"Usimwite bibi," Leokadia akasema. "Unamwacha mke."

"Mwantumu, nimekuacha."

Kusikia mtoto anamtaja jina kavu kavu, Bi Mwantumu akashindwa kujizuia, akafyatua kicheko, na Mbaruku naye. Taa ikabaki nyekundu. Akasema tena akiwa amekunja uso. Akasema tena akiwa amefumba macho. Akasema kwa ukali kama mwigizaji wa tamthilia. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Unaigiza," Leokadia akasema. "Wamewaona wengi wanaoigiza vizuri kuliko wewe."

"Nitafanyaje? Siwezi kumwacha bibi yangu kweli!"

Bi Mwantumu alikuwa anamtazama. Alimlea kijana huyu, anaijua sauti yake inapokuwa na kitu chini yake. Sasa alikisikia.

"Mbaruku," akamwita. Aliposikia jina lile kijana akaacha kuchezesha miguu. "Ukienda, utarudi?"

"Nitarudi, bibi. Nikishapata kazi, nikishatulia, nitarudi niwalete na..."

Taa yake ikawa nyekundu zaidi, ikaanza kumemeta. Mbaruku aliiona.

"Utarudi kunizika?"

Akafungua kinywa. Akaitazama taa. Akakifunga.

"Sema unalolijua. Mie si mgeni wako."

"Baba yake Zuhura hakurudi kumzika mama yake," Mbaruku akasema, kwa sauti ndogo. "Alitazama kwenye kioo. Wote wanatazama kwenye kioo. Kwenda ni shida hii tunayoiona, na ukitoka, kurudi ndani ni kuanza upya, na kuna mtoto..." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nimekuwa nakwambia nitarudi tangu siku ya harusi. Sirudi, bibi. Nafikiri sirudi."

Taa ikawa kijani.

Leokadia akainama kwenye kioo chake.

"Ulikuwa unalijua hilo siku nyingi," akasema Bi Mwantumu.

"Ndiyo."

"Haya. Sasa sema lile neno."

"Nimekuacha," Mbaruku akasema, na kijani haikutikisika. Neno lilikuwa moja. Kaskazini walikuwa wanangoja la talaka, yeye alikuwa na lile jingine, la kumwacha nyuma, alilolificha siku zote hizi chini ya ahadi. Ungo haukuuliza ni lipi.

Mbaruku akavua ungo wake, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na ukuta, kichwa mikononi.

"Sasa wewe, bibi," Leokadia akasema. "Mke naye lazima aridhie. Wameweka hivyo ili wanawake wasiachwe kwa nguvu. Sema umeridhia."

"Nimeridhia."

Nyekundu.

"Nimeridhia, mwanangu. Aende. Nataka aende."

Nyekundu.

Bi Mwantumu aliitazama ile taa kwa mshangao. Uongo aliouogopa, wa kujiita mke, hata hakuulizwa; ungo ulikuwa umeshauamini. Kilichogoma ni hiki alichokiona kidogo, cha kusema haya nenda. Akarudia tena na tena. Kila mara sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeridhia, na kila mara taa ikasema siyo.

Ikafika saa ya chakula. Leokadia akasimama, akakaa, akasimama tena. "Bibi, tunafunga kwa chakula. Nikirudi tunajaribu mara ya mwisho, halafu jalada linaondoka, likiwa limekamilika ama halijakamilika. Mkikubali, kufumua bado kunawezekana. Hakuchukui muda."

"Nenda kale. Nikikaa hapa na huu ungo nitaharibu kitu?"

"Huharibu. Unaendelea kusoma wenyewe."

"Basi niache nikae."

Karani akatoka. Mbaruku, ambaye hakuwa amelala sawasawa tangu siku ya majibu, akajiegemeza ukutani, kisha akateleza taratibu, kisha akalala.

Bi Mwantumu akakaa. Kukaa alikuwa anakujua. Aliweka mikono mapajani, akaanza kazi kama anayechambua mchele, punje kwa punje, bila haraka. Akaitoa surua. Hii ya nani? Yangu, na ya mtoto anayekuja. Akaiweka huku. Akatoa siku Mbaruku, mtoto wa kaptula, alipomletea kuku wa jirani chini ya kwapa, kuku analia, akasema ni mahari. Hiyo nayo huku. Akatoa mafuta ya nazi aliyompaka miguuni alipovunjika kifundo, na matusi aliyomtukana alipofeli mtihani, na mlango ule wa harusi, na mikono yake iliyokataa kushuka. Zote zilikuwa zake. Hakuna aliyemdai aitoe hata moja. Taa ilikuwa nyekundu vile vile.

Akaendelea kuchambua mpaka yaliyopita yakaisha, akashangaa kuona sinia bado lina kitu. Kilichobaki hakikuwa kimetokea. Ilikuwa siku ya maziko yake.

Alikuwa ameipanga siku hiyo bila kujiambia kwamba anaipanga. Alikuwa ameshaamua nani atashuka kaburini kumpokea, nani atakaa upande wa kichwa, mikono ya nani itamgeuza uso kibla. Ilikuwa mikono ya Mbaruku. Alikuwa ameishika siku ile kwa nguvu kuliko alivyoshika miimo ya mlango.

Basi akaitazama. Akamtoa Mbaruku shimoni, polepole, kama unavyomtoa mtoto kitandani asiamke. Mahali pakabaki wazi. Palikuwa pabaya kupatazama, naye akapatazama. Kisha akamwona mjomba wake Mbaruku anakunja suruali, anashuka, na goti lake bovu. Akawaona vijana wa jirani, wale waliozoea kumwibia mapapai, wanashuka naye. Walikuwa hawajui vizuri. Waliulizana, wakaelekezana, mmoja akaambiwa shika hapa siyo pale. Wakampokea. Wakamgeuza. Hakuumia popote. Walimlaza vizuri tu.

"Haya," akasema, hakuna aliyekuwa anamsikiliza. "Nenda."

Taa ikawa kijani, bila mlio.

Leokadia alikuwa bado kwenye wali wake. Mbaruku amelala ubavu kwenye benchi, kinywa wazi, mguu mmoja unaning'inia, na usingizini alionekana mtu mzima, baba wa mtu. Bi Mwantumu akauvua ungo mwenyewe, akaupakata. Alitaka kumwamsha ampe habari. Akafungua kinywa, akatafuta la kumwita mtu ambaye si mume wake tena, akalikosa, akamwacha alale.